Barua ya wazi kwa waganga wakuu wa mikoa yetu: bakteria sugu aitwaye stafi yuko wodini na hakuna anayemhesabu

Kwa:
Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe,
Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa hiyo,
Wenyeviti wa bodi za hospitali.

Nakala: Wizara ya Afya, Dodoma.

YAH: VIDONDA VYA WAGONJWA WALIOLAZWA KUTUNGA USAHA WA BAKTERIA SUGU, NA OMBI LA KUPIMA, KUHESABU NA KUTANGAZA

Waheshimiwa Madaktari,

Salaam kwenu na poleni na majukumu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu, naishi Uyole, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimalizia kwenye benchi la bakteriolojia, kwaiyo haya siyaandiki kama mtu aliyeyasikia kijiweni. Na barua hii mngeikuta kwenye mafaili yenu, isingefika huku mtandaoni, kama zile za mwanzo zingejibiwa. Nilianza kwa mdomo kwa nesi wa zamu, nikaambiwa nimsubiri daktari, daktari akaniambia niende dawati la malalamiko, dawati wakanipa karatasi nikajaza, alafu nikaandika barua rasmi kwa mkubwa wa hospitali, ikagongwa muhuri wa mapokezi na nakala ninayo, na mpaka leo hata ule mstari mmoja wa "barua yako imepokelewa" haujanifikia. Jina la hospitali silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na nikiitaja nyinyi wengine mtapumua mseme kumbe ni kule, wakati wastaafu wenzangu wa Iringa na Njombe tukipigiana simu wananisimulia mambo hayohayo.

Kilichonipeleka pale ni mpwa wangu. Ni bodaboda wa Mbalizi, aligongwa asubuhi ya ukungu akavunjika ugoko, wakamwekea chuma. Operesheni ilienda vizuri na madaktari wa mifupa nawapa heko yao kabisa, kijana alishaanza kuulizia siku ya kuruhusiwa. Kisha pembeni ya mshono pakawa pekundu, pakavimba, usaha ukaanza kutoka. Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano aliyokuwa anachomwa tangu siku ya operesheni, ikaendelezwa. Haikusaidia, ikabadilishwa, ikaletwa seftriaksoni ya kampuni nyingine, yaani dawa ileile boksi tofauti. Ikaongezwa flajili. Ndugu wakatumwa nje kununua ampikloksi ya sindano. Nikauliza kwa heshima zote, jamani mmeotesha huo usaha, yaani kuupanda maabara mjue ni bakteria gani na dawa gani inamuua? Nikajibiwa "mzee tumuangalie kwanza na hii." Kitanda cha kushoto usaha, kitanda cha dirishani usaha, wote na vyuma miguuni, wote wanachomwa dawa ileile, na hakuna hata mmoja aliyechukuliwa sampo.

Sasa naomba niziweke hoja zangu kwa namba, ili mkijibu mjibu kwa namba.

1. Tunatibu kwa kukisia.

Bakteria ninayemzungumzia anaitwa Staphylococcus aureus, sisi wa maabara tunamwita stafi tu. Sio mgeni, karibu watu watatu katika kila kumi wanatembea naye puani bila kuumwa chochote. Anakuwa tatizo akipata mlango: mshono, kanyula ya drip, kidonda cha moto, kitovu cha mtoto mchanga. Akiwa wa kawaida dawa za familia ya penisilini kama kloksasilini zinammaliza. Akiwa yule sugu, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la MRSA, basi kwa vitendo familia yote ile unaifuta: kloksasilini hapana, ampikloksi hapana, amoksilini hata ile yenye klavulaniki hapana, na seftriaksoni hapana. Kuna dawa moja au mbili mpya za ukoo huo zinazomuweza lakini hizo kwenye wodi zetu sijawahi kuziona.

Kwaiyo mgonjwa mwenye MRSA akichomwa seftriaksoni wiki mbili, mjue mmemchoma maji ya bei ghali. Na sio maji tu kwa sababu huku nyuma ile dawa inaua bakteria wengine wengi wasio na hatia tumboni na kwenye ngozi, inamuachia yule sugu uwanja. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu mwaka 2017 limezigawa antibayotiki makundi matatu, na seftriaksoni haiko kwenye kundi la kutumiwa kama uji wa asubuhi, iko kundi la kuangaliwa kwa makini. Nendeni wodini kesho mkafungue mafaili kumi mhesabu wenyewe.

2. Tukipima, tunapima nusu.

Sampo ya mpwa wangu ilichukuliwa mwishoni kabisa, nilipokuwa nimeshakuwa kero. Kwanza walipangusa ule usaha wa juu uliokauka, ambao unakupa kila kinachoishi kwenye ngozi, badala ya kuosha kidonda kwanza na kuchukua chini. Pili alikuwa ameshachomwa dawa muda mrefu. Haya, bakteria akaota hivyohivyo, stafi. Majibu yakaja na ampisilini, erithromaisini, siprofloksasini. Diski ya sefoksitini haipo. Nikashuka maabara nikauliza, yule kijana (mstaarabu, sina neno naye) akaniambia diski hizo ziliisha na hazijaagizwa.

Waheshimiwa, stafi bila sefoksitini hujapima. Hiyo diski ndogo ya karatasi yenye mikrogramu 30 za dawa ndiyo inayokuambia kama ni MRSA ama sio. Unaiweka kwenye sahani ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria) uliyompaka stafi wako, unaacha kwenye inkubeta masaa 16 mpaka 18, asubuhi unachukua rula. Duara safi la kuzunguka diski, pale ambapo bakteria hajaota, likiwa milimita 22 au zaidi, unashukuru Mungu na unarudi kwenye kloksasilini. Likiwa 21 au chini, ni yeye. Hakuna mashine ya mabilioni hapo, ni rula! Mashine za vinasaba zinapima jeni la mecA, lile linalobeba usugu, moja kwa moja na ni nzuri, lakini asiyekuwa na diski asinisubirishe kwa habari ya mashine.

Na kuna kipimo kingine ambacho vijana wanakiruka. Diski ya erithromaisini na ya klindamaisini zinawekwa jirani, kati ya milimita 15 na 26. Kuna stafi ambaye ukimpima na klindamaisini peke yake anaonekana anakufa, lakini upande unaotazama erithromaisini duara linakatika linakuwa bapa, linachora kabisa herufi D. Huyo ukimtibu kwa klindamaisini anaweza kugeuka sugu katikati ya dozi. Nimewahi kumuonyesha intani mmoja sahani ya hivyo akaikodolea macho kama kaona mzimu. Hakuna gharama ya ziada, ni suala la wapi unaweka karatasi mbili ambazo ungeziweka tu hata hivyo.

3. Anabadilika, na sisi hatuna mtu wa kumfuatilia.

Hii ndiyo hoja yangu kubwa na naomba mnivumilie hapa nitachukua nafasi.

Watu wengi, hata madaktari, wanaongelea MRSA kama mdudu mmoja. Ni koo nyingi, kila ukoo na tabia zake, na zinapokezana. Penisilini ilipoanza kutumika miaka ya 1940 haikupita miaka mingi stafi wa hospitalini wakawa na kimeng'enya cha kuivunja. Ikatengenezwa methisilini, ikaingia 1959, na 1961 tayari Uingereza wakaripoti stafi asiyeisikia. Miaka miwili! Na mbaya zaidi, mwaka 2017 watafiti waliwarudia bakteria waliokuwa wamehifadhiwa tangu enzi hizo wakasoma vinasaba vyao, wakakuta ule usugu ulishaingia katikati ya miaka ya 1940, yaani kabla methisilini yenyewe haijatengenezwa, matumizi makubwa ya penisilini ndiyo yaliyoulea. Alikuwepo muda wote, ila hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Kwa miongo kadhaa ikawa MRSA ni ugonjwa wa waliolazwa, wazee, watu wa dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine). Alafu miaka ya 1990 mambo yakageuka. Marekani, kwenye majimbo ya Minnesota na North Dakota, watoto wanne walikufa kati ya 1997 na 1999 kwa MRSA, na hawakuwa watu wa kulazwalazwa hospitali. Ukatokea ukoo walioupa jina USA300, ukaenea kwenye magereza, kwenye timu za michezo, kwa watoto, unaleta majipu makubwa ambayo watu walidhani wameng'atwa na buibui. Huo ukoo wa mtaani baadaye ukaingia hospitalini na kuusogeza ule wa zamani wa wodini. Uingereza nako kulikuwa na koo mbili zilizotawala mahospitali, wanaziita EMRSA-15 na EMRSA-16, ile ya 16 ikapungua sana na ya 15 ikabaki. Uholanzi wakakuta wafugaji wa nguruwe wana ukoo wao, ST398, kutoka mazizini (na sisi tunaopenda kitimoto Mwanjelwa, tunaowadunga nguruwe sindano za oksitetrasaiklini bila kuhesabu siku za kusubiri kabla ya kuwachinja, tuwaze kidogo). Hata kalunguyeye wa Ulaya wamekutwa na MRSA wao, utafiti wa 2022 unaonyesha kuvu wa kwenye ngozi yao anatoa kitu kama penisilini na bakteria wakajifunza kujikinga humo humo, tangu kabla dawa hazijaanza.

Afrika tunao ukoo unaojulikana kama ST88, umeonekana nchi nyingi za bara hili na Tanzania ikiwemo. Watafiti wa Moshi na Mwanza walishakaa chini wakasoma vinasaba vya stafi wa hospitali zao. Sasa niambieni, wa Mbeya ni ukoo gani? Wa Iringa je? Aliyeko kwenye mguu wa mpwa wangu katoka wodini, au kaingia naye kutoka kijiweni Mbalizi? Yale majipu yanayozunguka kwenye mabweni ya shule zetu za bweni kila mwaka, ni huyohuyo? Hatuna jibu kwa sababu sahani zikishasomwa zinachomwa, hakuna anayetunza bakteria.

Mtaniuliza mgonjwa inamhusu nini ukoo. Inamhusu sana, tena mfukoni. Koo za zamani za hospitalini kwa kawaida zimekusanya usugu wa dawa nyingi kwa pamoja na mara nyingi unaishia kwenye vankomaisini, ambayo ni ya drip, inachokonoa figo usipoifuatilia, na ndugu wengi wakiambiwa bei wanakaa kwanza kwenye benchi. Koo za mtaani mara nyingi bado zinakufa kwa dawa za zamani za bei rahisi, doksisaiklini, klindamaisini, Septrini. Na jipu la ngozi mara nyingi tiba kubwa ni kulipasua litoke. Lakini hapa kwetu huwezi kubahatisha eti Septrini itafanya kazi kwa sababu imefanya Marekani, mikoa yetu hii ina watu wengi wanaoishi na VVU na kwa miaka mingi wamekuwa wakimeza Septrini kila siku kujikinga, na walikuwa sahihi kabisa kumeza, ila bakteria wa huku wameshaishi na hiyo dawa. Ndio maana takwimu za kukopa hazitufai. Tunahitaji za kwetu, na za mwaka huu, za mwaka 2015 zimeshachacha.

4. Mikono.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda nikaangalia kazi ya kuosha vidonda kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nesi mmoja, troli moja, vitanda vya wodi nzima. Glavu anabadilisha, simuonei. Lakini angalieni ile plasta. Anakata vipande vinne kutoka kwenye roli, anavibandika kwenye reli ya kitanda vining'inie wakati anaosha, reli ambayo mgonjwa kaishika usiku kucha na mkono wenye usaha, alafu anavibandua anafunga navyo gozi kwenye kidonda kisafi. Roli inarudi kwenye troli, inaenda kitanda kinachofuata. Stafi anaweza kukaa kwenye kitu kikavu wiki nyingi hata miezi. Ile roli ya plasta ilimtembelea kila mtu wodini siku ile.

Chupa ya kitakasa mikono ukutani ilikuwepo, imegandishwa na utando wa bluu ndani, inaonekana tangu enzi ya korona haijajazwa. Sinki lipo mwisho wa korido na maji yanatoka. Ila mnaokaa huku mnajua maji ya bomba ya mwezi wa sita na wa saba yalivyo, ya Njombe ndio usiseme, vidole vinakufa ganzi. Kumwambia nesi aoshe mikono kwa maji hayo kati ya mgonjwa na mgonjwa, vitanda thelathini, ni kumwambia kitu ambacho unajua hatafanya na mimi pia nisingefanya. Ndio maana kitakasa cha spiriti kwa nyanda za juu sio anasa.

Na kinatengenezeka hapo hapo kwenye famasi ya hospitali, WHO walishatoa fomula wazi. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 10, unafunga unaacha masaa 72 ile peroksaidi iue vijidudu vya ndani ya chupa, basi. Wakati wa korona hospitali zetu zilikuwa zinatengeneza, nimeona kwa macho yangu. Waliotengeneza wapo, wengine hawajastaafu hata.

5. Kutumwa nje.

Ndugu wanatumwa duka la dawa na kikaratasi, wanarudi na nusu dozi kwa sababu hela imeishia hapo. Kesho tunawalaumu kwamba hawamalizi dozi. Sina la kuongeza.

6. Ukimya.

Sijaona hospitali hata moja kwenye mikoa hii iliyobandika kwenye ubao wa matangazo kwamba miezi sita iliyopita tumepata mishono mingapi iliyotunga usaha, mingapi ilikuwa na stafi, mingapi MRSA. Wanaona ni aibu. Uingereza mwaka 2001 serikali ililazimisha kila hospitali iripoti MRSA wa kwenye damu, mwaka 2004 wakajiwekea lengo la kupunguza kwa nusu ifikapo 2008, magazeti yakawasema kweli kweli kwa sababu namba zilikuwa za kutisha, zaidi ya wagonjwa 7,000 mwaka 2003/04. Kufikia 2010/11 wakawa chini ya 2,000. Hawakushusha kwa dawa mpya. Walihesabu, wakatangaza, wakabanana kwenye mikono na kwenye kanyula, na mkurugenzi ambaye namba zake hazishuki alitakiwa kujieleza.

Sasa majibu ninayoyajua yatakuja, nimeyasikia mengi nikiwa ndani ya mfumo.

Mtasema bajeti. Nakubali bajeti ni ndogo. Lakini seftriaksoni inayomwagwa kwa mgonjwa ambaye haimsaidii, na vitanda vinavyokaliwa wiki nyingi zaidi, na operesheni ya pili ya kutoa chuma, hizo ni hela gani? Kaeni na mhasibu na mfamasia muweke gharama ya mgonjwa mmoja wa namna hiyo pembeni ya gharama ya pakiti ya diski, alafu tuongee.

Mtasema Bohari ya Dawa hawana diski. Inawezekana. Ila yule kijana wa maabara alisema hazijaagizwa, na kitu kisichoagizwa hakiwezi kukosekana bohari. Tena Bohari hao, MSD, wana kanda hapa hapa Mbeya, sio safari ya Dar.

Mtasema wananchi ndio wanaoharibu, wananunua antibayotiki kama karanga. Kweli wananunua, hilo silipingi. Na mpango wa maduka ya dawa muhimu ambao ulianzia huku huku kusini, Ruvuma, mwaka 2003, ulikuja kupunguza fujo hiyo kwa kuwafundisha wauzaji, na penye usimamizi ulisaidia. Lakini mpwa wangu antibayotiki zake zote alichomwa na hospitali. Mgonjwa aliyeingia na mfupa uliovunjika akatoka na usaha sugu, msimsingizie muuza duka wa Mbalizi.

Mtasema tusizue taharuki, watu wataogopa kuja hospitali. Watu tayari wanaogopa! Nendeni stendi mkasikilize, "ukilazwa kule kidonda hakiponi", wanasema hivyo bila kujua jina la bakteria. Afadhali hofu yenye namba kuliko hofu ya uvumi.

Na kuna wale watakaosema Tanzania tuna mpango. Tunao, tena mzuri, wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA), wa kwanza ulikuwa 2017 mpaka 2022 na wa pili unaenda 2023 mpaka 2028. Nimeusoma. Umeandika ufuatiliaji wa maabara, umeandika kuzuia maambukizi, umeandika matumizi sahihi ya dawa. Semina za hiyo UVIDA nimehudhuria mpaka vyeti vimejaa droo. Mimi naulizia wodi ya mifupa. Dunia nzima mwaka 2019 usugu wa dawa ulihesabiwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27, na MRSA peke yake zaidi ya laki moja katika hao. Hizo ni hesabu za wataalamu wa nje wakitumia makadirio sehemu nyingi za Afrika, kwa sababu sisi data hatuna. Wanatukadiria.

Ninachoomba, na hapa ndio hasa sababu ya barua:

(a) Ndani ya miezi mitatu, kila mgonjwa wa operesheni ambaye mshono wake umetunga usaha achukuliwe sampo kabla ya kubadilishiwa antibayotiki. Iwe amri ya maandishi yenye sahihi yenu. Daktari ambaye hajaotesha aandike kwenye faili kwa nini.

(b) Diski ya sefoksitini, erithromaisini na klindamaisini zisikosekane maabara, na zikikosekana Mganga Mfawidhi apewe taarifa siku hiyo hiyo kama anavyopewa damu ikiisha.

(c) Kila miezi sita hospitali itoe karatasi moja, ya ukurasa mmoja tu, inayoonyesha stafi walioota ni wangapi, MRSA wangapi, na dawa gani bado zinawaweza. Ibandikwe wodini, kwa wagonjwa wa nje (OPD) na kwenye ubao wa matangazo. Daktari mgeni anayefika usiku aisome ajue aanze na nini.

(d) Kila MRSA anayeota asichomwe. Awekwe kwenye kichupa cha gliseroli ndani ya friza, aandikwe tarehe, wodi na aina ya kidonda bila jina la mgonjwa. Mara moja au mbili kwa mwaka wakusanywe wasomwe vinasaba. Siombi kila mkoa uwe na mashine, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo Mbeya na kimefanya utafiti mkubwa wa kifua kikuu na VVU kwa miaka, kaeni nao mezani muulize inawezekanaje. Nyinyi ni waganga wakuu, mkiita kikao watakuja.

(e) Nesi mmoja kwa kila hospitali ambaye kazi yake ni kuzuia maambukizi, na sio kazi ya tatu juu ya zamu na chanjo. Apewe nguvu ya kusimamisha kitu akikiona hakiko sawa, hata kama anayekifanya ni daktari bingwa.

(f) Kitakasa mikono kila kitanda cha wodi ya upasuaji, mifupa, watoto wachanga na wagonjwa wa moto, kitengenezwe ndani. Na plasta kila mgonjwa awe na ya kwake, hii hata haihitaji kikao.

(g) Nijibiwe barua yangu ya kwanza. Ina muhuri, mkiitafuta mtaipata.

Manesi na vijana wa maabara watakaosoma hapa, wanangu, siwashtaki nyinyi. Mnafanya kazi na mnachopewa. Ila mkiona diski zimeisha msikae kimya, andikeni, tena mtunze nakala.

Mimi kwa upande wangu niko tayari. Maabara yoyote kati ya hizi nne ikinipa benchi na vijana wawili nitakuja kuwakumbusha sefoksitini na ile D bila kudai posho, nauli ya Coaster najilipia. Nitasubiri majibu mpaka mwisho wa robo hii ya mwaka wa fedha, yasipokuja barua hii naichapa na kuipeleka kwa mkono Wizarani Dodoma pamoja na nakala yenye muhuri, na huko pia nitaomba wanigongee muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Uyole, Mbeya.